Kongamano Berlin: jinsi ya kuuona mji bila kutoroka vikao

Msimu wa makongamano ukifika, vijana wetu wa uzamivu wanaopata mwaliko wa Berlin huniuliza yale yale. Je, nitapata muda wa kutembea? Nianze wapi? Tiketi ya treni inakatwaje? Je, Jumapili kuna duka? Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, na sasa nayaandika yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayefika Berlin mara ya kwanza, ana siku nne au tano, ana makala ya kuwasilisha, na posho yake ni ya kuhesabu.

Nasema mapema: huwezi kuumaliza mji huu kwa siku nne, usijaribu. Chagua vitu vichache, na katika hivyo vichache weka vile vinavyotuhusu sisi. Berlin ina vitu vyetu vingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Nimeumia kuona wenzangu wakirudi na picha ishirini za lango moja, na hawakujua kwamba mtu wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili mjini humo ana jiwe lake la kumbukumbu barabarani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Viza ya Schengen yenye siku za kutosha. Ukitaka siku moja au mbili za matembezi baada ya kongamano, ziingize kwenye maombi tangu mwanzo: kwenye barua, kwenye tiketi ya ndege na kwenye bima. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Viza ikishatoka na siku zimehesabiwa, hakuna wa kukuongezea kwa sababu ulitaka kuona makumbusho.
- Barua ya mwaliko iliyochapishwa, ibebe mkononi. Afisa wa uwanjani akiuliza umefuata nini, unamwonyesha hiyo.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za Ujerumani, zao ni za vipini viwili vya duara. Nunua nyumbani, maana ukifika usiku bila adapta, kesho yake unawasilisha na kompyuta iliyozima.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya vya kongamano viache kwa ajili ya ukumbini.
- Koti, kama unakwenda kati ya Oktoba na Aprili. Tafuta mitumba Karume au Gikomba kabla ya kuondoka, utapata zuri kwa bei ndogo sana kuliko ya kule.
- Ramani ya Berlin iliyopakuliwa kwenye simu, ifanye kazi hata bila intaneti.
- Euro kidogo za noti na sarafu. Kadi inapokelewa sehemu nyingi, lakini vibanda na vyoo vya kulipia bado vinapenda sarafu, na makabati ya kuwekea mabegi kwenye makumbusho mengine hutaka sarafu ya euro 1 au 2.

Hatua ya 1: Ichore ratiba ya kongamano kwanza

Chukua programu nzima, kalamu mbili. Kwa kalamu nyekundu zungushia kikao chako, vikao vya watu ambao kazi zao unazitumia kwenye tasnifu yako, na chakula cha pamoja cha jioni. Hivyo haviguswi. Watu unaotaka kuwajua huwapati kwa barua pepe, unawapata kwenye foleni ya kahawa. Kwa kalamu ya bluu zungushia nafasi zinazobaki: kwa kawaida ni jioni mbili au tatu, mchana mmoja wenye vikao visivyokuhusu, na nusu siku ya mwisho kabla ya ndege.

Kama kikao chako kiko siku ya tatu, usitembee sana siku mbili za kwanza. Utakuwa makumbusho huku moyo uko kwenye slaidi. Ukishawasilisha, mji utauona kwa macho mengine.

Onyo la saa. Wajerumani huandika saa 24, na sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. 14:00 ni saa nane mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Andika saa zetu pembeni ya programu kwa mkono wako, maana ukichoka utachanganya. Majira ya joto Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili.

Halafu kuna jua. Mwezi Juni linatua karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo kikao kikiisha saa kumi na mbili bado una jioni nzima ya mwanga. Desemba linatua kabla ya saa kumi jioni. Anayekwenda Desemba atumie mapumziko ya mchana kwa vitu vya nje, na jioni aingie ndani. Kwa Waislamu: Juni magharibi ni usiku na isha ni usiku zaidi, angalia nyakati mapema.

Hatua ya 2: Jua ukumbi wako uko upande gani

Mwaliko ukisema "chuo kikuu, Berlin" haujakwambia kitu. Humboldt-Universität ina jengo lake kuu barabara ya Unter den Linden, katikati kabisa ya mji. Ukiwa hapo unatoka mlangoni na mji umeanza. Freie Universität iko Dahlem, kusini magharibi, na kutoka huko hadi katikati kwa treni ni zaidi ya nusu saa. Mtu wa Dahlem asipange kutoka na kurudi wakati wa chakula cha mchana. Ajipangie jioni tu.

Hatua ya 3: Tiketi, na kuigonga muhuri

Mji umegawanywa kanda tatu: A ni ya katikati, B inaizunguka, C ni ya nje. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C, kwa hiyo siku ya kufika na siku ya kuondoka unahitaji tiketi ya ABC. Siku za katikati AB inatosha. Ukipanga safari zaidi ya mbili kwa siku, chukua tiketi ya saa 24. Kwanza uliza waandaaji, maana baadhi ya makongamano hutoa tiketi ya usafiri pamoja na beji.

Sasa sikiliza vizuri. Tiketi ya karatasi kutoka kwenye mashine mara nyingi bado haijaanza kazi. Unaiingiza kwenye kijisanduku kilichosimama jukwaani, au ndani ya basi, kinaigonga muhuri wa tarehe na saa. Hakuna geti la kukuzuia kuingia, na hapo ndipo wageni wengi hunaswa. Wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida, treni ikiondoka ndipo wanatoa vitambulisho. Faini ni euro 60, na kusema "mimi mgeni" hakusaidii. Mimi nililipa safari yangu ya kwanza, na tiketi nilikuwa nayo mfukoni, nimeinunua, haina muhuri. Hiyo ilikuwa posho yangu ya chakula ya siku mbili.

Hatua ya 4: Siku ya kufika, panda basi namba 100

Umetoka safarini, umeunganisha Doha au Istanbul, macho mazito. Usiende makumbusho. Oga, nenda kituo cha Zoologischer Garten, panda basi la kawaida la abiria namba 100, kaa juu mbele. Linakwenda hadi Alexanderplatz, likipita nguzo ya ushindi, jengo la Bunge, Unter den Linden na Kisiwa cha Makumbusho. Tiketi yako ya AB inatosha. Utaona sura ya mji, utajua nini kiko karibu na nini, na saa mbili usiku uko kitandani.

Hatua ya 5: Jioni ya kwanza, vitu visivyofungwa

Jioni baada ya vikao milango mingi imefungwa, kwa hiyo weka hapo vitu vya wazi. Anzia Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791. Tembea kusini dakika chache, utakuta kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, mawe 2,711 ya zege. Ingia katikati yake taratibu. Usipande juu ya mawe, usipige picha za kuchekacheka. Watu wa pale wanaumia.

Kisha nenda Wilhelmstraße 92. Ni mwendo mfupi kwa miguu. Hutakuta jengo, kuna bango la kumbukumbu tu, na wageni wengi hupita bila kugeuza shingo. Hapo palikuwa na nyumba ya Kansela ambamo mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani na dola ya Uthmaniya, yalikaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 kuandikiana kanuni za kulichukua bara letu. Mwafrika hakuwepo hata mmoja mezani. Sote tuliusoma Mkutano wa Berlin darasani tukiwa watoto, tukakariri mwaka kwa ajili ya mtihani. Kusimama pale, baada ya siku nzima ya kutetea makala yako mbele ya wasomi wa dunia, ni jambo jingine.

Hatua ya 6: Paa la Bunge, uandikishe wiki kabla

Kuba la vioo juu ya jengo la Reichstag ni bure na hufunguliwa mpaka usiku, kwa hiyo linakaa vizuri baada ya vikao. Lakini lazima ujiandikishe mtandaoni kabla, ukiwa nyumbani, na ubebe pasipoti yenyewe. Nakala haikubaliki. Watu hufika wakidhani watapanga foleni tu, wanarudishwa. Siku nyingine zote pasipoti ikae mahali salama.

Hatua ya 7: Nusu siku yako kubwa, kutoka Tendaguru hadi Brunnenstraße

Kama una nusu siku moja tu katika safari nzima, itumie hapa. Yote iko kwenye mstari mmoja, na naielekeza kwa mpangilio wa kutembea.

a) Panda treni ya chini ya ardhi, U6, hadi kituo cha Naturkundemuseum. Makumbusho ya viumbe yako barabara ya Invalidenstraße namba 43. Jumatatu yamefungwa, siku nyingine hufunga saa kumi na mbili jioni. Ukiingia tu ukumbi mkubwa, aliyesimama mbele yako ametoka Lindi. Ni mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, urefu wake mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja iliyochimbwa kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913.

Usimtazame mjusi peke yake. Fikiria kazi. Majimaji ilikuwa imekwisha miaka michache tu, kusini kote watu walikuwa wametoka kwenye vita na njaa, na ni hao hao waliochimba na kubeba zaidi ya tani 200 za mifupa, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mashuhuri aliitwa Boheti bin Amrani. Mjadala wa nani ana haki na mifupa hii unaendelea hadi leo, na ukiwa na mwenyeji wa kongamano muulize anaonaje. Nimepata mazungumzo mazuri zaidi mbele ya mifupa ile kuliko katika vikao vingi.

b) Toka, fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi Nordbahnhof. Hapo, Bernauer Straße, inaanza kumbukumbu ya Ukuta ule uliougawa mji mashariki na magharibi. Ni bure na sehemu kubwa iko wazi nje. Ukuta ulisimama kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi 9 Novemba 1989, na hapa utaona ulivyokuwa hasa: kuta mbili, na kati yake uwanja mtupu wenye mnara wa walinzi. Kama una muda wa sehemu moja tu ya Ukuta, chagua hii. Zile michoro za East Side Gallery zinapendeza kwa picha, lakini hazikuelezi watu waliishije.

c) Fuata Bernauer Straße hadi inapokutana na Brunnenstraße, pinda kulia, shuka na Brunnenstraße karibu mpaka Rosenthaler Platz. Tafuta namba 193. Tazama chini. Kwenye njia ya miguu kuna kijiwe cha shaba cha ukubwa wa kiganja. Ni cha Bayume Mohamed Husen, jina alilozaliwa nalo Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akiwa mtoto aliingizwa katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaja Berlin 1929 kudai mishahara ambayo hawakulipwa. Hawakumlipa. Alibaki, akafanya kazi ya uhudumu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuo kikuu. Utawala wa Hitler ulimkamata 1941, na alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Mawe kama haya yako maelfu mjini, yamewekwa mbele ya nyumba walimoishi waliouawa. La huyu liliwekwa 2007. Mimi husimama, nasoma Fatiha, napangusa vumbi kwa kitambaa. Wewe fanya kwa dini yako. Sisi tunaosafiri kwenda kuzungumzia Kiswahili katika vyuo vya Ulaya tunapita njia aliyoipita yeye.

Mzunguko wote ni kama saa nne bila haraka. Ukichoka, tramu ya M8 inapita Invalidenstraße, na U8 iko Rosenthaler Platz.

Hatua ya 8: Ukibaki na saa mbili, nenda Wedding

U6 hiyo hiyo, kaskazini, shuka Rehberge au Afrikanische Straße. Ni mtaa wa makazi wa kawaida, hakuna cha kulipia. Unasoma vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Ulipangwa enzi za ukoloni kwa kujivunia makoloni. Barabara iliyobeba jina la Peters, yule Carl Peters ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, Agosti 2024 ilibadilishwa, na kipande chake sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Piga picha na kibao hicho. Utaitumia darasani miaka yote.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuweka Kisiwa cha Makumbusho chote kwa mchana mmoja. Chagua jengo moja. Neues Museum lina sanamu ya kichwa cha Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, latosha. Jengo la Pergamon lilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi, angalia kwanza kabla ya kulifuata.

Kuacha manunuzi ya zawadi hadi Jumapili. Maduka karibu yote hufungwa, hata ya vyakula, isipokuwa machache kwenye stesheni kubwa na vibanda vya mitaani. Nunua Jumamosi.

Kutembea kwenye njia ya baiskeli. Mara nyingi imepakwa rangi nyekundu na iko sambamba na njia ya miguu. Waendesha baiskeli wanakuja kasi na hawasimami.

Kununua maji kila saa. Maji ya bomba ni salama, beba chupa. Na chupa ya plastiki uliyonunua usiitupe: nyingi zina amana ya senti 25, unairudisha kwenye mashine dukani unapewa pesa yako.

Kula soseji bila kuuliza. Nyingi ni nguruwe. Neno la kulijua ni *Schweinefleisch*. Anayetaka halali aende Kreuzberg au barabara ya Sonnenallee huko Neukölln, kwa Waturuki na Waarabu, atakula ashibe kwa bei nafuu kuliko mgahawa wowote wa karibu na ukumbi.

Mambo yakiharibika

*Treni haiji, tangazo halieleweki.* Tafuta neno *Ersatzverkehr*. Maana yake kuna matengenezo na mabasi ya badala yako nje ya kituo. Ongeza dakika ishirini.

*Kikao chako kimehamishwa kikaangukia muda wako wa matembezi.* Uhamishe mji, usihamishe kikao. Hatua ya 5 inafanyika saa yoyote, hata alfajiri kabla ya kifungua kinywa.

*Mvua au theluji imekataa.* Rudi kwenye basi namba 100, au ingia makumbusho ya Topographie des Terrors. Ni bure, na yanaeleza kwa nyaraka jinsi polisi wa Hitler walivyofanya kazi.

*Simu imezima na hujui njia.* Kila kituo cha treni kina ramani ukutani. Andika jina la kituo cha karibu na hoteli yako kwenye karatasi, iweke nyuma ya beji.

*Mkaguzi amekukamata.* Usibishane, usikimbie. Chukua karatasi yake, mweleze mwenyeji wako wa kongamano kesho yake. Kama tiketi ya siku nyingi ulikuwa nayo ila uliisahau hotelini, uliza kama wanaweza kukupunguzia.

*Umeibiwa au umepoteza pasipoti.* Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 112. Chukua ripoti ya polisi, kisha nenda ubalozini. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Berlin. Nakala ya pasipoti na ya viza iwe kwenye barua pepe yako kabla hujaondoka nyumbani.

*Umebaki na nusu siku kabla ya ndege na mzigo mkononi.* Acha begi hotelini au kwenye makabati ya stesheni kuu, Hauptbahnhof. Kutoka hapo hadi mifupa ya Tendaguru unaweza kwenda kwa miguu. Siku hiyo tiketi iwe ya ABC, na muhuri usiusahau.